Nafasi Iliyokuwa Ikijiandika Yenyewe

AK AUNTI.

Hivyo ndivyo skrini ilivyoandika. Nilikuwa field, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, kwenye kijichumba cha seva chenye kiyoyozi kinachonguruma kutwa, naandaa lebo za kubandika kwenye nyaya za mtandao. UHASIBU, MAPOKEZI na STOO zilitoka salama. Ya nne ndiyo ikakatika katikati. Nikafuta, nikaandika upya: AKAUNTI. Safi kabisa. Nikajaribu neno la kwanza lililonijia kichwani, KARIAKOO, na mbele ya macho yangu likatoka KA RIAKOO.

Sikuwa nimegusa kitufe cha nafasi.

Kibodi ile nimeiunda mimi. Bodi niliichora kwenye KiCad, programu ya kuchorea saketi, swichi za chini ya vitufe nilizilehemu moja moja usiku baada ya vipindi, na programu inayokaa ndani ya chipu niliipanga mwenyewe. Hapakuwa na duka la kuirudishia wala waranti ya kudai. Kama ina ugonjwa, daktari ni mimi, na kama daktari hajui, basi.

Msimamizi wangu alipita, akachungulia begani kwangu, akasoma lile neno lililokatika. "Dada, chukua ile kibodi ya stoo umalizie. Mteja anasubiri."

Nikaichukua. Kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini ile nafasi iliondoka na mimi. Nilipanda nayo daladala, nikalala nayo, nikaamka nayo, na wiki zikapita bila mimi kuweza kusema imetoka wapi.

## Neno zima kwa kidole kimoja

Mambo ya swichi zipi zina mlio na zipi hazina, nimeshayaandika sana huko nyuma. Leo nataka kusema kwa nini nilifika hatua ya kuchora bodi yangu, wakati Kariakoo kibodi zimerundikwa hadi njiani.

Andika neno "huyu" kwa utaratibu wanaofundishwa makatibu muhtasi. H, U, Y, U: zote ni za kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Andika "humu", ni kidole kilekile. Andika "umuhimu", kidole hichohicho kinapanda, kinashuka, kinapanda, kinarudi kati, na jirani yake anaitwa mara moja tu kwa ajili ya I. Wakati huohuo A, herufi inayoziacha nyingine zote mbali katika maandishi yetu, imekabidhiwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. F na J, ambazo kazi yake ni ndogo ukilinganisha na N, I au K, zimekalia pale vidole vya shahada vinapopumzikia. Q na X tunazihitaji tu tukiandika majina ya wageni.

Hakuna aliyetukosea. Mpangilio huu umetokana na mashine ya Christopher Latham Sholes, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1874 ikitengenezwa na kiwanda cha Remington, na hakuna aliyekuwa akitufikiria. August Dvorak alipokuja na mpangilio wake mwaka 1936, alihesabu herufi za Kiingereza. Waturuki walikaa wakahesabu za kwao, na mwaka 1955 wakawa na mpangilio wao rasmi unaoanza na F.

Sisi hatukukaa. Nadhani ni kwa sababu lugha yetu haikulazimisha. Ndugu zetu Wakikuyu wana ĩ na ũ, kwa hiyo wakikaa mbele ya kibodi ya kawaida wanaona mara moja kwamba kuna kitu kimepungua. Kiswahili kinaandikika chote kwa herufi zilizopo, hivyo kibodi inaonekana imetimia, na mzigo uliobebeshwa kidole kimoja hauonekani.

Pale tunapogusa upungufu ni kwenye ng'. Kwenye simu ile alama imefichwa ukurasa wa pili, ndiyo maana mitandaoni watu wanakula nyama ya "ngombe" na wana ndugu "ngambo". Kwenye kompyuta alama ipo chini ya kidole cha mwisho cha kulia, na ukishaibonyeza programu ya kuandikia inaipinda upande inaoutaka yenyewe. Mtu anayeandika anwani ya Mtaa wa Narung'ombe kila siku anajua ninachosema.

Basi nilikusanya maandishi yangu, ripoti, barua, hata jumbe za kikundi cha darasa, nikayapitisha kwenye programu fupi ya kuhesabu herufi. A iliongoza kwa mbali, I ikafuata. Nikaanza kupanga upya. A nikaileta chini ya kidole cha kati cha kushoto. K nikaiweka jirani yake, chini ya shahada. Q nikaifuta, na mahali pake nikaweka kitufe kimoja kinachotoa ng' nzima kwa mguso mmoja.

Siku ya kwanza nilipoandika "kung'aa" bila kuhama mstari wa katikati zaidi ya mara moja, nilicheka peke yangu chumbani.

Mama alinisikia. Akasimama mlangoni. "Mwanangu, hicho ndicho unachosomea?"

Sikuwa na jibu zuri, na swali lake limenikaa.

## Bodi iliyong'oka mdomo

Kabla ya hii ya sasa kulikuwa na nyingine, ya nyaya za mkono, haina bodi iliyochapishwa. Chipu yake ilikuwa imepandikizwa kwenye kijibodi kinachoitwa Pro Micro, na wanaokijua wameshabashiri nitakachosema. Tundu lake la USB limeshikiliwa juu juu tu, kwa lehemu ya usoni, halina miguu iliyopenya hadi upande wa pili. Asubuhi moja nilichomoa waya kama siku zote, na tundu likatoka na waya. Njia nyembamba za shaba zilizokuwa chini yake zikaondoka nazo.

Chipu ilikuwa nzima. Programu ilikuwemo. Haikuwa na pa kusemea.

Watu huziba tundu la namna hiyo kwa gundi ya epoksi mapema kabla halijang'oka, na wapo mafundi wanaoweza kuunga nyaya nyembamba kama unywele hadi kwenye miguu ya chipu yenyewe. Mimi niliunga upande mmoja ukashika, wa pili ukagoma. Nikaiweka kwenye boksi la kiatu.

Bodi ya pili ndiyo niliyoichora na kuagiza China. Kiwanda hakichapi moja, kinaanzia tano, kwa hiyo nililipia bodi nne ambazo sikuwa na matumizi nazo. Mzigo ulikaa njiani hadi nikaacha kuuliza. Ulipofika, fedha ya vifuniko vya vitufe ilikuwa imeshaliwa na nauli za field, na kwa muda mrefu niliandika juu ya mashina matupu ya swichi. Hayo yalipita. Safari hii nilitumia kijibodi kingine cha chipu, Raspberry Pi Pico, ambayo tundu lake ni imara zaidi, na ukibonyeza kitufe chake kimoja huku unachomeka, kompyuta inaiona kama flashi: unaburuta faili la programu, unaachia, imeingia.

Ikafanya kazi usiku uleule. Vitufe 48, vyote. Nilikuwa na programu ya kukagua, inayochora kibodi kwenye skrini, na kila kitufe ukikibonyeza kinageuka kijani. Nilivipitia kimoja kimoja hadi skrini nzima ikawa kijani.

Skrini hiyo ndiyo iliyonifanya nisiamini AK AUNTI nilipoiona.

## Hitilafu zenye mwenyewe

Hapa ndipo palipokuwa pakiniuma, na nitakaa hapa kidogo.

Mimi nasomea ufundi wa kielektroniki. Praktiko ya kutafuta hitilafu ndiyo somo ninalolipenda kuliko yote, na alama zangu humo si za kuficha. Tunaingia karakana, kila mtu anakuta saketi yake mezani imeharibiwa kwa makusudi: hapa rezista imebadilishwa, pale njia imekatwa kwa wembe, kule kapasita imegeuzwa. Una muda wako, una mita yako, unatafuta. Ukiinua mkono, mwalimu anakuja, anaangalia, anatikisa kichwa au anaweka vema.

Nilikuwa mwepesi. Wenzangu walikuwa wananiita niwaangalizie.

Sasa nina kibodi niliyoichora kila mstari wake, naijua kuliko ninavyoijua saketi yoyote ya karakana, na siwezi kusema kwa nini inaandika nafasi. Nilibadilisha swichi ya kitufe cha nafasi, kazi ya kunyonya lehemu kwa hofu usije ukang'oa kiduara cha shaba. Haikusaidia. Nikaongeza muda ambao programu inasubiri ili kupuuza mtetemo wa chuma ndani ya swichi. Kwenye QMK, programu ya bure ya kibodi niliyoianzia, muda huo kwa kawaida ni milisekunde 5, nikaupeleka 10. Haikusaidia. Nikabadilisha waya. Nikaazima Pico nyingine kwa mwenzangu nikajaza programu ileile. Nafasi zikaja vilevile, pale zilipotaka.

Ndipo wazo moja likaanza kunisumbua. Je, karakana nilikuwa natafuta hitilafu, au nilikuwa namtafuta mwalimu?

Maana ukishazoea, unajua anapenda kuvunja wapi. Unajua hawezi kuharibu kitu cha bei. Unajua hitilafu ni moja, ipo mezani, na inatafutika ndani ya muda wa kipindi, kwa sababu aliyeiweka ndiye aliyepanga kipindi. Hata ukiwa umekwama, kuna mtu chumbani anayejua. Uso wake peke yake unakuambia umekaribia.

Kibodi yangu haikuwa na uso wa kutazama. Hitilafu yake haikuwekwa na mtu. Huenda ilikuwa moja, huenda tatu. Huenda ilikuwa kwenye mchoro wangu, kwenye kiwanda, kwenye programu, au kwenye kidole changu mwenyewe, maana ilifika mahali nikaanza kukishuku kidole gumba.

Nilipojaza logbuku ya field wiki hizo, safu ya "kazi iliyofanyika" ilikuwa imejaa: tumefunga hiki, tumebadilisha kile. Hapakuwa na safu ya jambo ulilolitafuta ukalikosa. Nilifikiria sana ile safu isiyokuwepo.

Na swali la Mama likarudi likiwa na makali zaidi. Kama siwezi kuitengeneza niliyoiunda mwenyewe, nitatengeneza ya nani?

## "Wakati gani?"

Kuna fundi simu mmoja Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu bila kuchoma bodi. Ni mtu mzima, ana hadubini ya mkono wa pili na meza isiyozidi upana wa mlango. Nilikwenda nimeibeba kibodi kwenye mkoba, nikasubiri amalize simu ya mteja, nikamweleza.

"Inaandika nafasi yenyewe, fundi."

"Wakati gani?"

"Mara kwa mara tu."

Akaweka koleo chini. "Mara kwa mara ni wakati gani, binti? Chomeka uandike, nione."

Nikachomeka kwenye kompyuta yake. Nikaandika aya nzima, maneno yaliyokuja kichwani, mbio kabisa. Haikutokea hata nafasi moja ya ziada. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema labda leo imepona.

"Ile siku uliandika nini?"

Nikaandika AKAUNTI. AK AUNTI.

Akainama karibu na skrini. "Hiyo ni herufi kubwa. Andika hilohilo kwa ndogo." Nikaandika kwa herufi ndogo, kwa kasi ileile. Safi. "Rudi kubwa, lakini polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza." Safi. "Haya, sasa kubwa, haraka." Ikakatika.

Akachukua kipande cha boksi la simu, akanipa kalamu. "Andika hapo. Inapotokea, upande huu. Isipotokea, upande huu. Usiweke unachofikiri, weka ulichoona." Kisha akamgeukia mteja mwingine aliyekuwa na simu iliyoingia maji.

Fundi yule hajawahi kuunda kibodi, na hakuna jambo la saketi yangu alilonieleza. Wiki zote zile nilikuwa nauliza kitufe cha nafasi kina nini, na kwa kuwa swali lilikuwa hilo, kila jibu lilikuwa kwenye kitufe cha nafasi. Yeye aliuliza wakati, na kitufe cha nafasi kikatoka kwenye orodha ya washukiwa kabla sijafika kituoni.

Kwenye daladala ya Gongo la Mboto nilipata kiti cha dirishani. Nikatoa lile boksi. Inatokea: herufi kubwa, haraka, A na K zikifuatana. Haitokei: herufi ndogo. Haitokei: polepole. Haitokei: UHASIBU, MAPOKEZI, STOO.

A na K. Na Shift, kwa sababu ni herufi kubwa. Na haraka, maana yake vidole vinapishana, cha pili kinashuka kabla cha kwanza hakijapanda.

Vitufe vitatu vimeshikiliwa kwa pamoja.

Nikageuza boksi, nikachora.

## Pembe nne

Ambao hamjawahi kufungua kibodi, nivumilieni kidogo, maana hapa ndipo penye utamu.

Chipu haina miguu ya kutosha kwa kila kitufe. Pico ina 26 ya kutumia, mimi nina vitufe 48. Kwa hiyo vitufe vinapangwa kwenye mistari 4 ya mlalo na 12 ya wima, na kila kitufe kinakaa pale mlalo unapokutana na wima. Miguu 16 inatosha. Chipu inaushusha mlalo mmoja hadi volti sifuri, inasoma ni wima zipi zimeshuka pamoja nao, inauachia, inahamia mlalo unaofuata, na mzunguko huo unajirudia mara nyingi sana kila sekunde. Wima iliyoshuka ndiyo penye kitufe kilichobonyezwa.

Ubaya ni kwamba umeme hauna adabu. Ukishikilia vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili mmoja, umeme unaweza kupita kinyumenyume kwenye kimoja wapo, ukazunguka, na chipu ikaamini pembe ya nne nayo imebonyezwa. Kwa sababu hiyo kila kitufe kinawekewa daiodi, ile ndogo ya kioo yenye mkanda mweusi, 1N4148, inayoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu.

Sasa tazama kibodi yangu. A ipo kwenye mlalo wa pili. K ipo jirani yake, mlalo huohuo. Teremka kwenye wima ya K hadi mlalo wa chini: ipo Shift. Teremka kwenye wima ya A hadi mlalo huohuo wa chini: kipo kitufe cha nafasi.

Pembe nne. Nikishikilia A, K na Shift, inayobaki ni nafasi.

Chipu inashusha mlalo wa chini. Shift imebonyezwa, kwa hiyo wima ya K inashuka. K imebonyezwa, na kama daiodi yake ni nzima, njia inaishia hapo. Kama si nzima, umeme unapenya kinyume hadi mlalo wa pili. A imebonyezwa, basi wima ya A nayo inashuka, na chipu, ikiwa bado inasoma mlalo wa chini, inaona wima ya A imeshuka na kuandika nafasi. Kwa herufi ndogo Shift haipo, pembe ni mbili tu, hakuna mzunguko. Kwa polepole A na K hazishikiliwi pamoja. Na programu yangu ya kukagua, ile ya kijani, ilikuwa inapima kitufe kimoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ingeweza kuniambia kila kitu ni kizima hadi mwisho wa dunia.

Nilishuka kituo kimoja mbele ya changu, nikarudi kwa miguu.

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, na mita yangu inatumia betri. Nikaiweka kwenye alama ya daiodi, nikaanza na jirani kwa ajili ya kulinganisha. Daiodi ya A: 0.6 upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu. Ndivyo inavyotakiwa. Daiodi ya K: mlio. Nikageuza ncha. Mlio.

Nilikaa kimya na ule mlio.

Umeme uliporudi nikaitoa ile daiodi, nikaipima ikiwa peke yake mkononi. 0.6 upande mmoja, upande wa pili kimya. Nzima.

Nikairudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nzima. Nikachukua tochi ya simu, nikailaza bodi upande. Chini ya pale ilipokuwa imelala daiodi, ndani ya fluksi, ile dawa ya kusaidia lehemu ishike, iliyokauka kama gundi ya kahawia, palikuwa na kipande cha mguu wa daiodi nyingine, kile cha kukatwa na koleo na kutupwa. Kiliangukia hapo wakati wa kulehemu, kikanaswa, kikalala kutoka kiduara kimoja cha shaba hadi cha pili. Umeme ulikuwa unapita juu yake pande zote mbili kama vile daiodi haipo kabisa.

Nikakitoa kwa sindano. Nikasugua kwa spiriti, nikairudisha daiodi ileile. Kisha nikaandika AKAUNTI kwa kasi yote niliyonayo, mstari baada ya mstari, ukurasa ukajaa.

Mama alikuja na kibatari mkononi, hajajua umeme umerudi. Safari hii hakuuliza. Nilimvuta kiti, nikamwonyesha kile kipande juu ya karatasi nyeupe, nikamweleza kila pembe. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kadude haka ndiko kamekunyima usingizi?" Akakageuza kwa ukucha, akakatazama kwa muda.

## Mteja anasubiri

Nilidhani furaha ile ingetuliza mambo. Imeyachochea.

Nilimsimulia msimamizi wangu wa field. Alinisikiliza kwa heshima, na alifurahi kwa dhati. Kisha akaniambia jambo ambalo sijapata jibu lake: "Umefanya kazi nzuri. Lakini hapa kwetu ungeruhusiwa kutumia muda wote huo?"

Nisingeruhusiwa. Na hakosei. Kibodi ya ofisini ikizingua, inabadilishwa. Swichi ya mtandao ikizingua, inabadilishwa. Saa za fundi ni ghali kuliko kifaa, mteja amekaa na kazi imesimama, na aliyelipia huduma anataka arudi kwenye kazi yake, hataki kusimuliwa pembe nne. Ajira nyingi ninazoziona zikitangazwa zinahitaji mtu anayejua haraka kipi cha kung'oa na kipi cha kuchomeka. Kipindi chote cha field nilichofanya, bodi hazikufunguliwa.

Najua pia kwamba nilichotumia kwenye bodi hizi kingelipia kozi fupi ya mtandao yenye cheti, na cheti kinaonekana kwenye maombi ya kazi. Kipande cha mguu wa daiodi huwezi kukiambatanisha. Wapo wenzangu waliofanya hesabu hiyo wakachagua cheti, na wawili kati yao wameshaitwa kwenye usaili. Siwaoni kama wamekosea. Kuna usiku nawaonea wivu.

Hata huu mpangilio wangu wa Kiswahili una gharama yake. Nikikaa kwenye mashine ya mteja, yenye Q yake na X yake, vidole vinasita. Fundi anayesita mbele ya mteja anaonekana hajui kazi.

Lakini nikiyaweka yote kwenye mizani, bado naona kuna kitu nilichokipata ambacho sikukipata karakana, na nisingekipata kwenye kozi ya mtandao, na sitaki wanaokuja nyuma yangu wakipate kwa bahati. Ule muda wa kukaa na hitilafu isiyo na mwenyewe. Kutojua kama ni moja au tatu. Kutazama huku na huku chumbani na kukuta hakuna mtu anayejua. Nchi hii imejaa mashine ambazo aliyezitengeneza yuko mbali na hatajibu simu: pampu za maji, inveta za sola, mashine za maabara kwenye vituo vya afya vya wilayani. Mtu wa kwenda kusimama mbele yake lazima awe ameshawahi kuwa peke yake na mashine.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mwalimu wetu wa praktiko. Nilimpelekea kibodi, kile kipande kikiwa kwenye kijifuko cha nailoni, na lile boksi la simu lenye maandishi pande mbili. Nikamwomba jambo moja: baadhi ya vipindi vya kutafuta hitilafu vitumie vifaa vilivyokufa vyenyewe. Redio za watu, chaja, bodi za saketi kutoka kwa mafundi wa mtaani, vitu ambavyo hata yeye mwalimu hajui vina nini.

Alicheka kidogo, kisha akafikiri. Akauliza: "Na nitasahihishaje? Kama hata mimi sijui jibu, huyu aliyekosa na yule aliyepata nitawatofautishaje? Na kama kifaa hakiponi kabisa?"

Ni swali la haki. Ana wanafunzi wengi, ana mtaala, ana wakaguzi wanaotaka kuona alama zimetoka wapi. Niliondoka bila kumjibu, na nimekuwa nikiandika jibu tangu siku hiyo.

Nimelimaliza juzi, ukurasa mmoja. Kifaa kupona kumepewa alama chache. Alama nyingi zipo kwenye karatasi ya majaribio: mwanafunzi ameshuku nini, amepima nini, kipimo kimeondoa nini kwenye orodha. Na sehemu ya kwanza kabisa, ambayo lazima ijazwe kabla mtu hajakabidhiwa mita, ni safu mbili: hitilafu inatokea wakati gani, na haitokei wakati gani. Asiyejaza ya pili hapewi mita.

Mwalimu ameusoma. Ameongeza kwa kalamu nyekundu kwamba muda uwe vipindi viwili badala ya kimoja, na kwamba wafanye wawiliwawili, kwa sababu mita hazitoshi. Amesema ataupeleka kwenye kikao cha idara.

Zile bodi nne zilizobaki nimempa. Moja ina Pico na swichi tayari, na haiwaki. Sijui kwa nini, na sijaigusa.